Magongo Niliyompelekea Mjomba Ulaya

Tangu nirudi, studio yangu ya picha hapa Kadutu, Bukavu, imegeuka kijiwe. Mtu anaingia kama mteja, anakaa kwenye kiti cha wateja, anavua kofia, halafu anasema, "Basi tuambie." Nimesimulia mpaka sauti imekauka, na kila nikikaribia mwisho kuna aliyechelewa anayetaka nianze upya. Kwa hiyo nimeandika. Someni, mpeane, na mtu asiniulize tena wakati nina bwana harusi aliyebana pumzi mbele ya kamera.

Jinsi nilivyopata ruhusa ya kwenda Ubelgiji sitaieleza. Ilinichosha mara moja, inatosha. Padri mmoja alinitafutia nafasi ya kujifunza kazi ya kusafisha picha kwa miezi kadhaa, na katika kuulizauliza kwake ndipo alipogundua kwamba mjomba wangu Bisimwa yu hai, na ni mpiga picha kama mimi, katika mji mdogo usio mbali na huko nilikokuwa naenda.

Mjomba Bisimwa ni mdogo wa mama yangu, tumbo moja. Alichukuliwa kijijini kwao, Nyantende, akiwa mtoto, na ofisa wa Kibelgiji aliyerudi kwao baada ya vita vya Tabora. Miaka ikapita, ikaja picha yake mkononi mwa padri. Picha hiyo mimi sikuiona, babu alizikwa nayo. Lakini habari zake nimezisikia tangu nikiwa mgongoni.

Mnajua wenyewe watu wetu walivyo kwa picha. Mtu anataka atoke mzima: kichwa, mikono yote miwili juu ya magoti, na miguu mpaka kwenye viatu. Ndiyo maana nina jozi ya viatu vyeusi nyuma ya pazia, ambavyo nusu ya Kadutu imekwisha kuvivaa. Nikimkata mtu miguu, haji tena. Picha ya kichwa peke yake ni ya kitambulisho, na hiyo ni ya serikali, si yake. Sasa wazieni Nyantende ya wakati ule, watu hawajaona hata hiyo ya kitambulisho, inafika picha ya mtoto wao: kichwa, shingo, mabega, na kuanzia kifuani kwenda chini ni weupe mtupu, kama moshi.

Wazee wakakaa kikao. Wakakubaliana kwamba ni moshi wa mizinga. Vita vya Wazungu vimemla mtoto kuanzia kifuani. Mikono wakamrudishia kwa huruma, maana mtu hawezi kuishi bila kula, lakini miguu wakaona imekwenda. Na kwa kuwa kwetu kilema cha mtu hakitajwi mbele yake, hakuna aliyemuuliza. Mama alilia wakati ule, na tangu hapo kila akiona mtu anapanda kilima cha kwao anasema mdogo wake hatakipanda tena.

Mtaniuliza, wewe mpiga picha, hukushtuka? Sikushtuka. Niliyasikia maneno hayo kabla sijajua picha ni nini, na kitu ulicholelewa nacho hukikagui. Miguu ya mjomba ilikuwa imekwenda, kama vile babu alivyokuwa amekufa.

Basi mama alipojua nakwenda, akamwita seremala, ukakatwa mti uliokuwa nyuma ya zizi la baba yao, yakachongwa magongo mawili ya kuweka kwapani, mazito kweli. Nilimwambia Ulaya yapo. Akasema ya kwao hayawezi kumbeba mtoto wa Nyantende. Macho yake yameanza kuingia ukungu, ananitambua kwa sauti kuliko kwa sura, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

"Deo, umupige picha vile eko," aliniambia. "Hata kama ni nusu. Nataka nimuone mbele macho yangu ifunge. Na usiangalie miguu yake, iko haya."

Kutoka Bukavu mpaka Uvira

Niliondoka na lori lililobeba magunia ya maharagwe. Mnaijua barabara ya kushuka Kamanyola: magari hayapishani, wanaopanda wanapita kwa zamu yao na wanaoshuka kwa zamu yao, na katikati kuna barrière, kizuizi chenye mlinzi. Tulipofika, mlinzi alikuwa amekwenda kula. Aliporudi, alisema zamu yetu imepita alipokuwa akila, tungoje ya pili.

Tukakaa kando ya barabara. Maman mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu akayaona magongo yameegemea bega langu, akaniletea kichane kizima, akakataa katakata malipo. Nikaanza kumweleza kwamba si yangu. Akanikatiza kwa upole.

"Usipate haya, papa. Kila mutu na yake."

Nikala ndizi. Dereva aliyesikia hayo akamtoa mtu kwenye kabini, akanipandisha mimi. Nilishuka milima ile yote nimekaa mbele kama mkubwa, na aliyetolewa alikuwa juu ya maharagwe akila vumbi. Nilimhurumia, lakini si sana.

Meli, kisha treni

Uvira nilinunua ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, zawadi kwa mjomba, nikawafunga kwenye gazeti na gunia. Wale waliokuwa nami katika meli ya kwenda Albertville wananikumbuka kwa harufu ile. Ziwa lilichafuka, watu walitapika, na wote walisema ni ndagala wangu.

Kwenye treni kondakta aliona magongo, akamwinua kijana mmoja, nikapewa benchi karibu na mlango. Nikashukuru. Mnaona jinsi uongo unavyokuja wenyewe bila kuitwa? Sikusema hata neno moja, nilikaa tu.

Pale Kabalo treni ilisimama, na akina mama wakasogea na samaki wa kuchoma na kwanga, mkate wa muhogo. Nina njaa. Nikashuka, nikachagua, nikabishana kidogo, mara filimbi ikalia na mabehewa yakaanza kujivuta. Ndugu zangu, nilikimbia. Samaki mkono huu, kwanga mkono huu, nikadandia ngazi na kuingia nikihema. Behewa zima lilikuwa likitazama miguu yangu. Magongo yangu yalikuwa pale pale kwenye benchi nilipoyaacha.

Katekista mmoja mzee alisimama polepole, akavua kofia, akaniuliza kwa heshima ni misheni gani iliyoniombea. Kabla sijajibu, wanawake wawili walikuwa wameanza wimbo, na wa nyuma waliupokea. Waliimba beti zote. Nami nilisimama na samaki wangu nikijua kwamba nikingoja wamalize itakuwa mbaya zaidi, na nikiwakatiza itakuwa mbaya vilevile.

Nikawaeleza yote: mjomba, picha, moshi, vita. Walinisikiliza vizuri, na mama mmoja akajifuta machozi kwa ajili ya mjomba. Katekista akarudisha kofia kichwani.

"Njo vile," alisema. "Basi rudisha kiti ya ule kijana."

Nilisimama mpaka usiku, na kijana alilala usingizi mzito kwenye benchi langu.

Bahari

Toka hapo mpaka Léopoldville, mpaka Matadi, sitawachosha. Mashua ya mtoni ilikwama kwenye mchanga, tukala kwanga mpaka nikaanza kuiona ndotoni.

Melini, bahari ndiyo iliyonilipizia ule uongo wa benchi. Tulipovuka sehemu fulani meli ilianza kulala upande huu na upande huu, na mimi sikuweza kusimama. Nikayachukua magongo ya mjomba, nikayaweka kwapani, nikatembea nayo kweli, nikiwa kijani usoni. Mhudumu wa meli alinifungulia mlango na kuniita monsieur, akaniambia "vous", ile "ninyi" yao ya heshima. Nilifikiri anasema na mtu mwingine nyuma yangu. Bukavu, karani mdogo kabisa wa Kizungu ananiambia "tu", ile "wewe" yao ya kumwambia mtoto, hata kama nina umri wa baba yake, na katika mikahawa ya mjini nasimama nje nikingoja bibi arusi atoke nimpige picha. Neno dogo lile lilinisumbua siku nzima. Nilifurahi, halafu nikakasirika kwamba nimefurahi.

Mhudumu huyo huyo ndiye aliyeniomba nitupe ndagala. Nilikataa. Tukakubaliana wafungwe nje, kwenye kamba, nyuma ya jiko.

Kituo cha treni cha mjini kwa mjomba

Kutoka Anvers, bandari tuliposhukia, nilipanda treni mbili. Ya kwanza ilichelewa, ya pili haikuningoja, nikakaa kwenye ukumbi wenye baridi nikila viazi vya kukaanga vilivyopakwa kitu cheupe ambacho nilidhani ni uji wa mtoto. Ni kizuri, lakini usikiulize kimetengenezwa na nini.

Nilipofika mji wenyewe, mchana ulikuwa umekwisha kupita na mvua ndogo ilikuwa ikinyesha. Kituo kidogo, saa ya ukutani, kanisa ng'ambo. Nilishuka nikiwa na sanduku, gunia la ndagala na magongo. Nikatafuta kwa macho kiti chenye magurudumu, au mtu aliyebebwa.

Barabarani akatokea mtu juu ya baiskeli. Mweusi kama sisi, koti refu, kofia ya kitambaa, mvi masikioni, na alikuwa akiendesha kwa nguvu kwa sababu amechelewa. Akaruka chini kabla baiskeli haijasimama. Ana uso wa mama, uso ule ule, umewekwa tu juu ya shingo ya mwanamume.

"Asinge," akanisalimu, kwa Kishi, lugha ya kwetu.

Tulikumbatiana. Nikanusa dawa ya kusafishia picha kwenye koti lake, na ile harufu ikanifanya nijisikie nyumbani kuliko ile salamu. Halafu akaniachia, akaona magongo. Uso ukambadilika. Akachukua sanduku langu, akalifunga kwenye baiskeli, akasema kwa Kifaransa kwamba nyumbani si mbali, hatuna haraka.

Nami nilikuwa nimekwisha kuelewa: miguu ya bandia. Nimesoma kwamba Ulaya wanaitengeneza vizuri. Lakini ya kuendeshea baiskeli! Nilitamani kuangalia, nikamkumbuka mama. Usiangalie miguu yake. Nikatazama mbele kama askari.

Tukaanza kutembea. Nilijivuta taratibu ili nisimchoshe mzee mwenye miguu ya mti. Yeye alijivuta taratibu zaidi. Nikapunguza. Akapunguza. Kwenye kila kona alisimama, akajifanya anarekebisha kamba ya sanduku, ili nipumzike, nami nikashukuru kimoyomoyo kwamba amepata nafasi ya kupumzika. Watu walitoka milangoni wakamsalimia kwa jina lake la huko, Monsieur Simon, wakatutazama tukipita kama maiti inasindikizwa. Nyumba ilikuwa karibu, lakini tulipofika giza lilikuwa linaingia.

Mezani kwa Madame Irma

Mke wa mjomba ni Madame Irma, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache, mzaliwa wa mji ule ule. Alikuwa amepika kome wa baharini, sufuria nzima, wako ndani ya magamba yao. Mimi nilingoja ziletwe sahani za chakula chenyewe. Nilipoona mjomba anawafungua na kuwala, nikala kwa adabu, nikameza bila kutafuna, nikasema ni watamu. Akaniongezea.

Mjomba alikuwa ameniletea kigoda cha kuwekea mguu. Nami nilikuwa nimemsogezea kiti chenye mto. Tulikuwa tukisukumiana kigoda na mto chini ya meza, kila mmoja akisema, hapana, wewe. Madame Irma alimtazama huyu, akamtazama huyu, akaweka kijiko chini.

"Niambieni," alisema. "Kati yenu ninyi wawili, kilema ni nani?"

Wenzetu wale wanauliza. Hawaoni haya. Na nimekwisha kuwasamehe mambo mengine kwa sababu ya swali lile.

Mjomba alinionyesha mimi. Mimi nilimwonyesha yeye. Halafu nikaeleza: picha, weupe, moshi wa mizinga, kikao cha wazee, seremala. Madame Irma alicheka mpaka akashika meza. Mjomba naye alicheka, akapandisha suruali kuonyesha miundi yake, akaigonga, akasimama akapiga mguu chini mara mbili. Mimi nilicheka machozi yakanitoka. Alisema weupe ule ni mtindo tu wa wakati ule, bwana aliyemfundisha kazi alipenda picha zote zififie chini, na ile ilikuwa picha ya kwanza aliyoisafisha kwa mkono wake. Alikuwa ameituma kwa majivuno.

Halafu akashusha miguu ya suruali. Akakaa. Akaacha Kifaransa, akatafuta maneno katika Kiswahili alichojifunza kambini kwa askari alipokuwa mtoto.

"Wakati papa alikufa," akasema, "niliuliza kwa padri kama nikuye kwa matanga. Balinijibu nisijisumbue, nikae tu kule. Miye nilizani habanitaki tena."

Nililijua neno lile. Nyumbani linasimuliwa kama huruma kubwa waliyomfanyia: walikataa kumwita mtu asiye na miguu apande kilima mbele ya watu wa matanga. Walidhani wanamfichia aibu. Na yeye amelibeba miaka yote kama mlango uliofungwa usoni pake. Nilimweleza hayo nikiona jinsi yanavyomwingia, na mkono wa Madame Irma ukaja ukakaa juu ya wake. Hatukucheka tena usiku ule. Niliona uchungu, na niliwakasirikia wazee waliokufa, jambo ambalo si zuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Studio ya Monsieur Simon

Nilimtembelea kila Jumapili na kila sikukuu. Studio yake ni chumba cha mbele chenye dari la kioo, na kazi ni kama yetu: harusi, komunyo ya kwanza, wanajeshi wa likizo, na marehemu waliolazwa vizuri. Tulikuwa tukienda mashambani kwa baiskeli mbili, yeye mbele na mgongoni ana kamera. Alisema zamani wengine walikuja studio ili wamtazame yeye, si kupigwa picha, basi akawa anawapiga hivyo hivyo, na picha zikatoka nzuri kwa sababu walikuwa wametoa macho. Sasa amewapiga picha watoto wa watoto wao. Bibi mmoja wa shambani aligusa nywele zangu bila kuomba. Mjomba akavua kofia yake, akamwinamia, akamwambia alete mkono huku, nywele hizi zimekwisha kuzoea kuguswa. Bibi akaona haya, akatupa mayai.

Nilimtafuta mjomba kwenye kuta zake na katika makasha yake. Watu wote wa mji wamo. Yeye hayumo. Nilimwambia ujumbe wa mama, kwamba anataka picha yake kabla macho hayajafunga. Akasema wiki ijayo. Wiki ijayo akasema mwanga mbaya. Baadaye akakiri kwamba tangu jibu lile la matanga hajasimama mbele ya kamera, maana aliona hakuna wa kumtumia.

Jumapili ya mwisho alishuka amevaa suti. Akasimama mwenyewe mahali pa wateja. Nikarudisha kamera nyuma mpaka ukutani ili aingie wote, na nilipoingia chini ya kitambaa cheusi nikamwona amepinduka, kama sote tunavyoonekana kwenye kioo cha kamera. Akasema ngoja. Akainama, akavua viatu, akavua soksi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimepinda. Alisema mama yangu ndiye aliyekiangushia jembe, walipokuwa watoto, na wote wawili walichapwa.

Magongo aliyabakiza. Aliyatundika ukutani, katikati ya maharusi, akasema atayarudisha mwenyewe siku atakapoitwa. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akizima taa.

Nyantende

Kurudi kulikuwa kwa njia ile ile kinyumenyume, isipokuwa sikuwa na magongo na hakuna aliyenipa kiti.

Nilipanda na mama kilima cha kwao mara tu nilipofika. Alikaa nje ya nyumba, juani, ambako anaona vizuri zaidi. Nikampa picha. Aliisogeza karibu na pua, akaanza juu: paji la uso, macho, mdomo. Akateremka polepole, kifua, mikono. Nikaona vidole vyake vinasimama pale kifuani, pale moshi ulipokuwa unaanzia. Kisha vikashuka. Magoti. Miguu. Akakuta kile kidole kilichopinda.

Alilia, nami nilingoja. Halafu, mnamjua mama yangu, akakasirika.

"Eko na miguu muzuri vile," alisema, "na hakukuya?"

Nikamwambia sababu. Nilimwambia neno la "usijisumbue" na jinsi lilivyofika kule, na kwamba magongo atayarudisha mwenyewe siku atakapoitwa. Akaigeuzageuza picha mikononi. Babu amekufa, wale wazee wa kikao wamekufa, na aliyebaki mkubwa wa nyumba ile ni yeye. Nadhani ndilo alilokuwa akilipima.

Akasimama, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha kanisani. Akaniambia nilete viti viwili na nitoe kamera. Nikaweka viti. Akakaa kimoja, akavua viatu vyake, akapanga miguu yake mitupu pamoja, mikono yote miwili juu ya magoti. Kile kingine akakivuta karibu naye, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiacha kitupu.

Nilirudi nyuma mpaka kwenye migomba.

"Deo," akaniita, bila kutikisa kichwa. "Usikate miguu ya kiti."